Ngazi Inayoshuka Chini ya Moja

Kosa lenyewe ni la mstari mmoja. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 aliulizwa thamani ya 2⁻³, akaandika −8. Wino mwekundu ukapita juu ya jibu, pembeni pakaandikwa 1/8, na karatasi ikarudi kwa mwenyewe bila neno jingine. Jioni hiyo akaibeba hadi dukani kwa bibi yake, muuza nafaka wa Kabati, kando ya barabara itokayo Kitui kwenda Migwani na Mwingi. Akaikunjua juu ya gunia la ndengu.

Mazungumzo yanayofuata nimeyatunga, na wasemaji nimewapa nafasi zao badala ya majina. Hoja zao husikika kila panapofundishwa hesabu. Wako wanne: mwanafunzi, bibi yake, ambaye kwa Kikamba anamwita Susu, mwalimu mstaafu aliyepita kununua mahindi ya muthokoi, na mwalimu kijana wa shule ya jirani. Swali lao ni moja: mtoto akaririshwe kanuni kwanza, au aonyeshwe kwanza kanuni ilikotoka? Mjadala nimeuweka Kitui kwa sababu ninayoiona nzito, nayo itajitokeza mbele.

MWANAFUNZI: Susu, hapa nimeonewa. Mbili kwa kipeo cha tatu ni 2 × 2 × 2, nayo ni 8. Wameweka alama ya hasi, nami nikaipeleka kwenye jibu. Ningefanya nini kingine?

SUSU: Hata mimi ningeandika hivyo. Katika daftari langu la duka alama hiyo ni deni. Mtu akichukua kilo nane za ndengu bila kulipa, naandika nane na alama mbele yake.

MWALIMU MSTAAFU: Hapo ndipo watoto wengi huangukia, Mama, na dawa yake ni fupi. Mwanangu, sikiliza ukariri: kipeo kikiwa hasi, andika moja, piga mstari, shusha nambari chini pamoja na kipeo chake, alama uitupe. Mbili kwa kipeo hasi tatu ni moja juu ya nane. Sema mara kumi usiku huu, hutakosa tena.

MWALIMU KIJANA: Mwalimu, kwa heshima yako, naomba nipinge. Mtoto huyu hakukosa kanuni. Alikuwa nayo, ila ya kujitungia: alama ya hasi huleta jibu hasi. Aliitunga kwa sababu hakuna aliyemwonyesha njia, na akili ya mtoto haikubali kukaa patupu. Tukimpa kanuni ya pili bila sababu, atakuwa na mbili zinazogombana kichwani, na siku ya mtihani itashinda ile aliyoizaa mwenyewe.

MWALIMU MSTAAFU: Nimefundisha miaka mingi, kijana wangu. Darasa la watoto hamsini na kipindi cha dakika arobaini havikuruhusu kumpeleka kila mmoja hadi kwenye chanzo cha mto. Unawapa maji. Jedwali la kuzidisha ulilikariri kabla ya kulielewa, na leo linakutumikia. Sababu wataikuta mbele ya safari, mkono ukiwa umeshazoea kazi.

MWALIMU KIJANA: Jedwali la kuzidisha lina pa kuhakikishia. Mtoto akisahau sita mara saba, atapanga punje za mahindi mistari sita, saba saba, ahesabu. Akisahau kipeo hasi, atapanga nini? Hakuna awezaye kuandika mbili mara hasi tatu kisha azizidishe. Maana ya kwanza aliyofundishwa, ya nambari kujizidisha mara kadhaa, imeishia njiani, na mbele yake kuna korongo. Hapa ndipo anapohitaji daraja kuliko mahali pengine pengi katika aljebra ya shule.

SUSU: Basi lijenge, na mimi nilione.

MWALIMU KIJANA: Nianze na shamba, Mama. Tuseme mzee alikuwa na ekari nane, akaacha wana wawili wakagawana sawa.

SUSU: Nne nne.

MWALIMU KIJANA: Na kila mmoja wao akaacha wawili.

SUSU: Mbili mbili. Na watoto wao, moja moja. Hesabu hiyo kila boma la huku linaijua.

MWALIMU KIJANA: Mwanafunzi, andika hizo ekari kwa vipeo, kizazi kwa kizazi.

MWANAFUNZI: Nane ni 2³. Nne ni 2². Mbili ni 2¹. Kila kizazi kipeo kinapungua kwa moja, na shamba linagawanywa kwa mbili. Kwa hivyo ekari moja ni 2⁰? Lakini Mwalimu, sufuri ni kutokuwa na kitu. Mbona 2⁰ isiwe sufuri?

SUSU: Ekari moja ni shamba, mjukuu wangu. Ukianza na ekari moja, hujaiongeza mara mbili hata siku moja, wala hujaikata, utakuwa na ekari yako ile ile. Sufuri hiyo inahesabu mara ngapi, haihesabu udongo.

MWALIMU KIJANA: Umesema kwa maneno machache kuliko niliyoyaandaa, Mama. Sasa tuendelee, maana vizazi havikomi kwenye ekari moja.

SUSU: Havikomi. Kuna wanaorithi nusu, na watoto wao watarithi robo.

MWANAFUNZI: Nusu ni 2⁻¹. Robo ni 2⁻². Halafu ile tuliyofundishwa kwenye akisami za Kiswahili, thumuni, ndiyo 2⁻³. Moja juu ya nane! Na hakuna aliyeingia deni.

SUSU: Hakuna. Shamba limekuwa dogo, lakini bado lipo, na kunde bado zinapandwa.

Hapo mwalimu mstaafu alivuta kiti karibu. Kwa sura yake niliyoiwaza, mtu aliyesikiliza vizuri ndiye hupinga vizuri.

MWALIMU MSTAAFU: Shamba lako ni zuri, lakini lina kasoro. Ngazi iliyokushusha vidato vitatu haijakuahidi cha nne. Ukimwambia mtoto atazame mambo yanavyokwenda kisha aendelee hivyo hivyo, umemfundisha kubahatisha kwa adabu. Kama ni kueleza, tueleze kwa ukweli wote. Mwanangu, 2³ × 2² ni ngapi?

MWANAFUNZI: Nane mara nne, 32. Ni 2⁵. Vipeo vinajumlishwa.

MWALIMU MSTAAFU: Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya vipeo, na umeihakiki. Sasa tunataka sheria hiyo isivunjike, hata kipeo kikiwa hasi. Chukua 2³ × 2⁻³. Jumla ya vipeo?

MWANAFUNZI: Tatu na hasi tatu ni sufuri. Kwa hivyo 2⁰. Kwa hivyo moja.

MWALIMU MSTAAFU: Basi 2⁻³ ni nambari ipi ambayo ukiizidisha kwa nane unapata moja?

MWANAFUNZI: Thumuni. Peke yake. Na ile −8 yangu nikiizidisha kwa nane napata −64. Haifai kabisa.

MWALIMU KIJANA: Mwalimu, umetoka upande wako ukaingia wangu. Huko ni kueleza, si kukaririsha.

MWALIMU MSTAAFU: Nimeingia kukuonyesha kwamba kueleza nusu ni hatari pia. Jibu hili hatukulikuta porini. Ni mapatano, na mapatano yenyewe tulilazimishwa na sheria tuliyokwisha kuikubali. Tena yana mpaka: sufuri kwa kipeo hasi moja haipo, kwa sababu hakuna nambari ambayo ukiizidisha kwa sufuri utapata moja. Ngazi yako ya mashamba isingemwambia mtoto habari hiyo. Sheria inamwambia.

MWALIMU KIJANA: Nakubali, na ninashukuru. Ngazi inamfanya aone, sheria inamfanya awe na hakika.

MWALIMU MSTAAFU: Na mapatano haya ni ya kale. As-Samawal al-Maghribi, mzaliwa wa Baghdad wa karne ya 12, aliandika kitabu cha aljebra kiitwacho al-Bahir akiwa kijana wa miaka kama 19. Ndani yake alichora jedwali lenye moja katikati: upande mmoja vipeo vinapanda, upande wa pili akisami zake zinashuka kwa mpangilio ule ule. Mwaka 1544 Mjerumani Michael Stifel naye akapanga hasi tatu, hasi mbili, hasi moja, sufuri, moja, mbili, tatu, na chini yake thumuni, robo, nusu, moja, mbili, nne, nane. Ni ngazi yako ya Kabati, kijana, karibu miaka 500 iliyopita. Hata maneno nusu, robo na thumuni yametufikia kutoka Kiarabu, lugha aliyoandikia As-Samawal, na aljebra yenyewe imechukua jina lake huko huko.

MWANAFUNZI: Kwa hivyo na wao waliishangaa kwanza?

MWALIMU MSTAAFU: Ilichukua muda mrefu kuzoeleka, mwanangu. Usione haya kwa siku moja ya kukosea.

SUSU: Mnasema vizuri. Lakini mimi ni mtu wa mizani. Kitu kisichopimika kinanipita.

MWALIMU KIJANA: Basi tukipime, Mama. Rimu hii ya karatasi niliyoinunua sasa hivi imeandikwa A4, gramu 80. Karatasi mama ya familia hiyo inaitwa A0, na eneo lake ni mita mraba moja. Ikate katikati, kila kipande ni A1. Kata tena, A2. Tena, A3. Tena, A4.

MWANAFUNZI: Nimeikata mara nne! Kwa hivyo A4 ni 2⁻⁴ ya mita mraba. Moja juu ya kumi na sita. Ile nne ni kipeo?

MWALIMU KIJANA: Ndicho, ila alama ya hasi hawakuiandika. Karatasi uliyofanyia mtihani, kama ni A4, ilikuwa na jibu la swali kama lile kwenye jina lake. Sasa, mita mraba moja ya karatasi hii ina gramu 80. Karatasi moja ya A4 ina uzito gani?

MWANAFUNZI: Themanini mara 2⁻⁴. Themanini gawanya kwa kumi na sita. Gramu tano. Na rimu ina karatasi 500, kwa hivyo gramu 2,500. Kilo mbili na nusu.

Rimu ikawekwa kwenye mizani ya ndengu. Mshale ukasimama kwenye kilo mbili na nusu, ukazidi kidogo tu, uzito wa karatasi ya kufungia.

SUSU: Mizani yangu haijui kusema uongo. Nimeamini.

MWALIMU KIJANA: Hii ndiyo njia ambayo walimu wa huku walishawahi kufunzwa, Mwalimu. Mradi wa SMASSE, wa Kenya na Japani, wa kuimarisha hesabu na sayansi katika shule za upili, ulianza mwaka 1998 kwa majaribio katika wilaya tisa, na Makueni ilikuwa mojawapo. Walimu walihimizwa kumpa mwanafunzi kazi ya mikono na kutumia vitu vilivyo karibu naye. Mizani na rimu viko karibu.

MWALIMU MSTAAFU: Naukumbuka. Nakumbuka pia kwamba baada ya shughuli nzuri, muda wa mazoezi ulikuwa umekwisha. Mtoto alirudi nyumbani na furaha, bila ujuzi.

SUSU: Nami niwaletee swali langu. Mnunuzi wa mahindi ameniambia hachukui gunia ambalo sumukuvu yake imezidi kumi katika bilioni. Sumukuvu naijua, hii mnayoiita aflatoksini. Bilioni ndiyo sijawahi kuiona. Nitajuaje kama kumi ni nyingi au ni kidogo?

MWANAFUNZI: Bilioni ni 10⁹. Sehemu moja katika bilioni ni 10⁻⁹. Kumi katika bilioni ni 10¹ × 10⁻⁹. Moja na hasi tisa, hasi nane. Ni 10⁻⁸, Susu.

MWALIMU KIJANA: Na gunia jingine likipimwa likapatikana na 10⁻⁶, lipi lina sumu zaidi?

MWANAFUNZI: Lile la 10⁻⁸, kwa sababu nane ni kubwa kuliko... Hapana. Ngoja. Nikiteremka ngazi, kila kidato nagawanya kwa kumi. Hasi nane iko chini zaidi ya hasi sita, kwa hivyo ni ndogo zaidi. Gunia la 10⁻⁶ ndilo baya.

MWALIMU KIJANA: Baya mara ngapi?

MWANAFUNZI: Nikigawanya, vipeo vinatolewa. Hasi sita toa hasi nane ni mbili. Kumi kwa kipeo cha pili. Mara mia.

Kimya kilichofuata kina historia yake, na ndiyo sababu niliyoitaja mwanzoni.

SUSU: Mwaka 2004 nilikuwa nauza hapa hapa. Mahindi yalivunwa na unyevu, watu wakayaweka ndani ya nyumba wakiogopa njaa na wezi. Halafu watu wakaanza kugeuka macho kuwa ya manjano. Tulidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Kumbe ni ugali.

MWALIMU MSTAAFU: Nilikuwa bado nafundisha. Kufikia Julai 20 mwaka huo, katika Kitui, Makueni na wilaya za jirani, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao wamefariki. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus ilikuwa imeota kwenye mahindi, na sumu yake huharibu ini. Watafiti walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masokoni. Kiwango cha sheria wakati ule kilikuwa 20 katika bilioni. Zaidi ya nusu ya sampuli zilikizidi. Asilimia 7 zilizidi 1,000 katika bilioni.

MWANAFUNZI: Elfu moja katika bilioni ni 10³ × 10⁻⁹. Ni 10⁻⁶. Ni lile gunia la swali letu.

MWALIMU KIJANA: Ndilo. Leo kiwango ni 10 katika bilioni, ndiyo 10⁻⁸ yako. Mpigie Susu hesabu ya gunia la kilo 90.

MWANAFUNZI: Kilo 90 ni gramu 90,000, yaani 9 × 10⁴. Mara 10⁻⁸. Nne na hasi nane ni hasi nne. Gramu 9 × 10⁻⁴. Ni 0.0009 ya gramu. Susu, haifiki hata miligramu moja, kwa gunia zima!

SUSU: Gunia zima. Ndiyo maana hatukuiona. Na kupika hakuiondoi, tuliambiwa baadaye. Ndiyo maana siku hizi nakausha mpaka mashine ya kupima unyevu iseme asilimia 13.5 au chini, na punje zilizovunjika au kuota kuvu nazichambua kwa mkono.

MWALIMU MSTAAFU: Nina la kukiri. Kanuni yangu, ile ya kuandika moja na kushusha nambari chini, ingempa mtoto jibu la 2⁻³. Lakini nimemwona sasa hivi akiteleza kwenye 10⁻⁸ na 10⁻⁶, na kanuni yangu haikumshika mkono. Kilichomshika ni ngazi. Kanuni humwambia afanye nini; haimwambii kipi ni kikubwa.

MWALIMU KIJANA: Na mimi nikiri langu. Bila sheria uliyomwonyesha, ya kujumlisha vipeo, asingefika kwenye gunia la kilo 90.

MWALIMU MSTAAFU: Basi usininyime mazoezi. Mwanangu, andika haya manne, na kila moja useme sababu. La kwanza, 3x⁻².

MWANAFUNZI: Kipeo kimekaa kwenye bega la x peke yake. Tatu inabaki juu. Ni 3/x².

MWALIMU MSTAAFU: Wengi huishusha tatu nayo. La pili, (2/3)⁻².

MWANAFUNZI: Natafuta kinachozidishwa kwa 4/9 kikaleta moja. Ni 9/4. Kumbe kipeo hasi kinaweza kuleta nambari kubwa kuliko moja, kama ulianza na ndogo kuliko moja.

MWALIMU MSTAAFU: Vizuri sana. La tatu, (−2)⁻³.

MWANAFUNZI: Hasi mbili kwa kipeo cha tatu ni −8. Kinachozidishwa kwa −8 kikaleta moja ni −1/8. Hapa jibu ni hasi, lakini uhasi umetoka kwenye nambari ya chini, haukutoka begani.

MWALIMU MSTAAFU: La nne, −2⁻².

MWANAFUNZI: Hakuna mabano. Kipeo kinashika mbili tu: robo. Ile alama ya mbele inabaki nje. Hasi robo.

SUSU: Kwa hivyo alama zenyewe ni mbili. Moja ni ya deni, imekaa mbele ya nambari. Nyingine imekaa begani, na kazi yake ni kusema tunateremka.

Wasemaji wangu wananyamaza hapo, nami niseme langu. Naamini kabisa kwamba mtoto aonyeshwe kwanza. Ashushwe ngazi kwa kitu anachokijua, shamba au karatasi, hadi apite chini ya moja kwa miguu yake mwenyewe na aone kwamba huko chini hakuna deni, kuna udogo. Kisha aelezwe kwa ukweli kwamba ni mapatano, na sheria gani iliyoyalazimisha. Kanuni fupi ije ya tatu, wakati anaweza kuijenga upya akiisahau. Mazoezi yaje ya nne, na yawe mengi, kwa kuwa mzee ana haki: ujuzi usiofanyiwa kazi huisha kama maji ya mvua moja. Kinachopotea tukiigeuza safari hii ni hisia ya ukubwa, na hiyo haipatikani kwa kurudia maneno mara kumi usiku.

Najua muda ni mfupi na madarasa yamejaa. Lakini mashamba na rimu havikuchukua kipindi kizima, na 317 si nambari ya kitabuni kwa watu wa Kitui na Makueni. Hapa tofauti ya hasi sita na hasi nane iliwahi kupita mezani kwenye sahani. Mtoto wa huku akisoma kipeo hasi bila kujua ni kikubwa au ni kidogo, tumemwachia wino mwekundu tu.

Mwanafunzi alipokunja karatasi yake, chini ya ile 1/8 aliyoandikiwa alikuwa ameongeza mstari wake: 2³ × 2⁻³ = 1. Susu naye akamwomba kalamu, akafungua daftari la duka kwenye ukurasa wa mahindi, akamwambia aandike pale juu, kwa herufi kubwa zisomeke bila miwani, 10⁻⁸.